Kimulimuli cha Method

Veronica wa Lalago ni mwanamke wa kutunza. Vitenge alivyopewa siku ya harusi bado vina mikunjo ya dukani, na sahani zake za maua hazijawahi kuonja wali. Zinamsubiri askofu ambaye hana habari nazo. "Akiba haiozi," huwaambia wakamwana zake, nao hucheka wakishampa mgongo.

Basi mumewe Method alipofariki, saa yake ya mkononi ilifungwa kwenye kitambaa cheusi ikazamishwa chini kabisa ya sanduku.

Ilikuwa saa ya shoka, ya chuma kitupu, kioo chake kinene kama kitako cha gilasi. Method aliinunua kwa Jabiri, mwenye duka pale Binza, msimu ambao pamba ilikubali. Iliwahi kutumbukia lamboni ikalala kwenye tope hadi kesho yake. Siku nyingine ilikanyagwa na maksai wakati wa kulima, na aliyechechemea ni maksai. Method hakuitia betri hata siku moja, wala hakuivua: alioga nayo, alilima nayo, alilala nayo. Kiza kikiingia, namba zake na mishale yake viliwaka kijani, ndiyo maana wanywaji wenzake walimbatiza jina la Kimulimuli.

Veronica hakujali ni saa ngapi. Chake yeye kilikuwa ule mwanga. Method akitoka mnadani na ng'ombe, giza limeshatanda, alinyoosha mkono kabla hajafika zizini, akaupandisha na kuushusha. Veronica, na Yakobo wake mdogo akiwa amemshika kitenge, waliona kile kijani kikicheza gizani, wakajua si mwizi. Hapo ndipo alipobandika maji ya ugali. Wanawake wengine waliambiwa wanapendwa. Yeye alipungiwa saa, na ilimtosha.

Sasa, mwanga wa tochi huisha kadiri unavyoutumia. Nani Lalago asiyelijua hilo? Veronica akaamua kuubania wa saa. Usiku wa kwanza baada ya mazishi alifungua kitambaa, ukawaka. Wa pili akachungulia, umefifia. Baada ya arobaini akakuta giza tupu, na mishale imesimama. Akajua ni yeye aliyeumaliza kwa kuchungulia kwake. Aibu hiyo hakumwambia mtu, hata padri.

Msimu huu Yakobo, ambaye sasa anaishi Bariadi, alikuja na mkewe Winnie kusaidia kuchuma pamba. Siku ya mwisho asubuhi akamwambia mama yake, "Mayu, ile saa ya baba si ilishakufa? Nipe kesho niondoke nayo, kuna fundi pale mjini anatafuta vipuri. Kukaa nayo ni sawa na kutunza jiwe."

"Utaichukua," alisema Veronica. "Ila leo niache niivae shambani. Iliizoea pamba."

Mkanda ulikuwa wa mkono wa mwanaume, akausukuma hadi juu ya kiwiko. Wakachuma mchana kutwa, jua la Simiyu likiwawakia bila huruma, mikono ikienda na kurudi. Saa yenyewe hakuitazama. Ile mishale iliyosimama ilikuwa ikimuumiza.

Jioni wakamwaga pamba kwenye stoo, chumba kisicho na dirisha, naye akapanda juu ya lundo kuishindilia kwa miguu kama alivyozoea. Aliposhuka akajipapasa mkono. Mtupu.

Yakobo aliwasha tochi ya simu, wakafukua huku na huku, na kila walipofukua palikuwa peupe vilevile.

"Mayu, kesho asubuhi lori la chama cha ushirika linakuja kuchukua mzigo," alisema. "Isipoonekana tuiache. Si ilikuwa ya vipuri tu?"

"Tafuta," alisema Veronica, akiendelea kufukua. Hapo alijua kwamba hakuwa tayari kuitoa hata kidogo, na kwamba asubuhi alimdanganya mwanawe na kujidanganya mwenyewe.

Yakobo akatoka na simu yake kumwita Winnie awasaidie, mlango ukajifunga nyuma yake. Veronica akakaa juu ya pamba gizani. Alilia, maana alimuona Method akipakiwa kwenye lori pamoja na fifi, ile pamba chafu ya daraja la chini.

Alipofuta machozi, kando ya mguu wake pamba ilikuwa na rangi ya kijani.

Akaifukua kwa mikono miwili. Namba zote zilikuwa zinawaka. Akaiweka sikioni: ilikuwa inatembea. Akaikumbatia kifuani, na kidogo kidogo akaelewa. Saa hii ilikuwa ikila jua, na ilikuwa ikitembea kwa sababu mkono unatembea. Method hakumwambia kwa kuwa hakuwahi kuivua. Miaka yote hiyo hakuumaliza mwanga wake. Aliushindisha njaa, kwa mapenzi.

Uchungu na furaha vilimjia pamoja, asijue kipi kitangulie.

Yakobo aliposukuma mlango hakumuona mama yake. Aliona mwanga wa kijani juu ya lundo, ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka. Akasimama pale kizingitini, kisha akageukia uani.

"Winnie," aliita, "bandika maji ya ugali."