Karatasi ya Katikati

Harufu ya karatasi inayotoka kwenye mashine ya kunakili ikiwa bado ya moto hunirudisha kwenye meza yetu ya Albert Park, mjini Durban. Juzi nilipita mbele ya duka la simu lenye mashine hiyo mlangoni, nikasimama kama mtu aliyeitwa. Mimi si mwepesi wa kuandika, na shule yangu iliishia ya msingi, lakini jambo hili nataka kuwaeleza ninyi taratibu, kwa sababu sijawahi kumwambia mtu.

Tulikaa ghorofa ya saba, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujafika kutoka Bukavu. Bukavu, Baba alifundisha hesabu sekondari. Durban alipata kazi katika chumba cha kuchapia cha chuo kimoja kidogo. Kila Desemba, joto la kiangazi likianza na wanafunzi wakifunga, chuo kilitoa gazeti lake: nani amestaafu, maua gani yamepandwa, mwalimu gani amepata shahada. Baba alilileta nyumbani likiwa bado karatasi mojamoja, nasi tukalikunja.

Zilikuwa karatasi nne kubwa. Mama na dada zangu walikunja tatu za nje. Ya katikati ilikuwa yangu, kwa kuwa viganja vyangu havikutoa jasho. Baba alizipachika moja ndani ya nyingine, akapiga pini mbili mgongoni, kisha akapitisha mgongo wa kijiko juu ya mkunjo. Hewa ya bahari ililainisha karatasi kama chapati za jana. "Bila kijiko," alisema, "gazeti linapiga miayo."

Mwaka niliotimiza miaka kumi, karatasi yangu ilikuwa na picha ya baba yake Solange.

Solange alikuwa rika langu. Baba yake alifundisha katika chuo kilekile, na mwaka huo alikuwa amepata shahada ya udaktari. Kila mtu alimwita Prof. Zamani, Bukavu, alikuwa mwanafunzi wa Baba. Kwa watu wote wa Durban, Baba alikuwa Papa Neema, kwa jina langu mimi. Prof peke yake ndiye aliyemwita Mwalimu. Tena alikuwa ameahidi kumwombea kwa mkuu wa chuo, ili Januari Baba awafundishe hesabu wanafunzi wapya. Mama alikwisha kupiga pasi koti la kufundishia, likaning'inia nyuma ya mlango kama mgeni.

Nilimwonea Solange wivu wa kila kitu. Soksi zake nyeupe, baiskeli yake, hata alivyosema "kwetu Westville", mtaa wa wenye nafasi, huku akivuta maneno kama anayeonja sukari. Hayo niliyavumilia. Kisha Jumapili moja, baada ya ibada, akanikuta kwenye ngazi za kanisa.

"Neema, uliona? Papa yangu iko ndani ya gazeti."

"Niliona."

"Na papa yako je?"

"Yeye ndiye anayelitengeneza."

"Eish! Kukunja si kutengeneza. Papa yangu iko ndani, papa yako iko nje anakunja."

Mimi ni mtu ambaye jibu humjia kesho yake.

Na kesho yake lilikuja. Tulikuwa tumefikia mzigo wa kamba nyekundu, wa wageni wa sherehe ya chai ya kufunga mwaka chuoni, pini zikaisha. Baba akashuka kununua nyingine, akaniachia mimi kupachika. Mama alikuwa jikoni, dada zangu dirishani wakitazama teksi. Nikapachika zile tatu tu, na karatasi za katikati nikazikalia. Baadaye nikazisukuma chini ya godoro. Karatasi ya katikati ikitoka, gazeti halionyeshi pengo. Ukurasa wa sita unafuatwa na wa kumi na moja, na nani huhesabu? Baba alirudi akapiga pini, akapitisha kijiko.

Siku ya sherehe nilimsaidia kubeba. Wageni walikaa chini ya hema jeupe. Mkuu wa chuo, mama mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, akawaambia wafungue katikati wamwone daktari mpya. Wakafungua. Wakakuta maua upande mmoja na tangazo la nyama choma upande wa pili. Mtu akacheka. Solange, ndani ya gauni la manjano, akafungua gazeti la pili, la tatu, la nne. Nakiri kwamba furaha niliyoingojea ilikuja, na ilikuwa tamu, kwa muda wa kumeza mate.

Kisha wakamwita Baba. Akapekua kurasa kwa kidole gumba, akainua macho, akaniona. Sijui uso wangu ulimwambia nini.

"Kosa ni langu," akasema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Ni mikono yangu iliyokunja."

Prof akamsogelea, akanong'ona kwa Kiswahili, nami nilikuwa karibu. "Mwalimu, kama ilikuuma, ungeniambia tu."

"Unisamehe, Prof."

Nyumbani nilizitoa karatasi chini ya godoro, nikangoja mkanda. Baba alizipanga mezani. "Lete kijiko," akasema. Tukazikunja zote, mimi nikikunja na yeye akilaza mkunjo, na Jumatatu akazipeleka chuoni zigawiwe. Nikadhani yameisha. Januari hakuna aliyemwita kufundisha. Mama alirudisha koti kwenye sanduku, nami nikadhani kazi ndivyo zilivyo.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba hakuna aliyeamini ni kosa. Waliamini ni wivu, na hawakukosea. Walikosea mtu tu. Baba alijua wangeamini hivyo, akaacha waamini, ili mtoto wa miaka kumi asisimamishwe mbele ya lile hema.

Jumapili iliyofuata sherehe ile, tulikutana na Prof nje ya kanisa. Nilikuwa nimejificha nyuma ya Mama, nikiogopa. Lakini Prof alitabasamu, akatoa mkono vizuri kabisa.

"Habari ya leo, Papa Neema?"

"Nzuri, Prof," Baba akajibu.

Nikashusha pumzi. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kwamba ametusalimia.