Zephaniah Ajifunza Kuanguka

Mwaka wa sabini na tisa kila kijana wa Voi alikuwa akipiga mateke hewani. Sinema zilikuwa zimefika, na nyuma ya sinema walimu nao wakafika, hivyo mtu aliyetaka kumpiga mwenzake kwa utaratibu hakukosa pa kwenda. Zephaniah Mwaluma, miaka arobaini na mitatu, hakutaka kumpiga mtu. Alikuwa akitafuta mtu wa kumfundisha kuanguka.

Kazi yake ilikuwa kwenye stesheni ndogo ya reli nje ya mji, ambako treni za mizigo hazisimami. Treni isiyosimama lazima ipewe kibali cha kuendelea mbele, na kibali hicho hutiwa ndani ya mfuko wa ngozi uliofungwa kwenye ringi ya chuma. Zephaniah alikuwa akisimama platifomu na kuinua ringi kwa mkono wa kulia. Msaidizi wa dereva anaidaka akiwa dirishani, na papo hapo anamtupia ile ya kipande cha njia walichotoka. Hiyo Zephaniah huipokea kwa mkono wa kushoto, ikamwingia hadi begani, akakimbia nayo hatua tano sita ili isimng'oe mkono. Sheria ya kwanza aliyofundishwa ni kwamba ringi haiachiliwi. Ikipotelea majanini, hakuna treni inayoruhusiwa kuingia kipande kile mpaka ionekane, na nyasi za huko zina miiba na nyoka.

Kwa miaka kumi na saba hakuwahi kuanguka. Mwaka huo akaanguka mara mbili. Februari aliteguka kifundo cha mkono. Juni aliangukia bega, akakaa nyumbani wiki tatu. Mara zote mbili alikutwa ameikumbatia ringi, jambo ambalo wakubwa walilisifu kwa barua. Bega halikutajwa.

Stesheni masta wake, Donald Kiilu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa maandishi.

"Zephaniah, hizi ni mbili," alimwambia siku aliporudi kazini. "Ukianguka ya tatu ukaumia, mimi naandika. Utapelekwa stoo Mombasa, ukae kwenye kiti utoe misumari. Kuna feni."

Mwingine angeshukuru feni. Lakini Zephaniah alikuwa amekaa miaka minane stesheni za upande wa Kisumu, mkewe Gertrude akiwa Voi, mhudumu wa zahanati, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akifika kwake likizoni kama mgeni, anaonyeshwa taulo iko wapi. Walikuwa wamekaa pamoja mtaa wa Kaloleni, hapo hapo Voi, miaka mitatu tu. Sasa alijua taulo ilipo.

"Mombasa mimi siendi, kazi yangu iko hapa," Gertrude alisema. "Na wewe huendi. Kwa hivyo usianguke."

"Kuanguka hakupangwi, Mama Penina."

"Basi kajifunze."

Alisema vile mtu anavyosema ili mazungumzo yaishe. Zephaniah akalichukua kama shauri.

Jumamosi ya kwanza alikwenda kwa Crispus, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyekuwa akifundisha karate kwenye ukumbi karibu na soko. Crispus alimtazama kuanzia viatu.

"Mzee, unataka kupigana na nani?"

"Na platifomu."

Vijana walicheka mpaka wakaharibu mstari. Crispus alimwonyesha kusimama, ngumi na teke. Zephaniah aliuliza somo la kuanguka liko wiki ya ngapi. Akaambiwa mtu wa karate haanguki, anayeanguka ni yule mwingine. Zephaniah akaona kwamba katika habari hii yote yeye ndiye yule mwingine, akashukuru akaenda zake.

Jumamosi ya pili alikwenda kwenye ndondi. Mwalimu alikuwa askari jela mmoja aitwaye Noah, mwenye pua iliyokwisha kubadilisha mwelekeo.

"Huku kuanguka kuko," Noah alimhakikishia. "Tena kwingi."

"Mnafundishaje?"

"Hatufundishi. Ukianguka, tunakuhesabia."

Ikabaki judo, ambayo haikuwa na sinema wala sifa. Aliyeifundisha alikuwa Silvanus Katuku, koplo mstaafu wa polisi aliyekuwa sasa fundi wa magodoro. Ua wa nyuma ya karakana yake ulikuwa umetandikwa magunia yaliyoshindiliwa makapi ya katani kutoka shamba la mkonge, na wanafunzi walivaa koti nene lililoshonwa kwa kitambaa kile kile cha magodoro, chenye mistari ya buluu. Kwa mbali ungedhani bidhaa zimegombana.

"Nisikie vizuri," Katuku alimwambia. "Miezi miwili ya kwanza hapa humwangushi mtu. Unaanguka tu. Mbele, nyuma, ubavu, mpaka uchoke. Vijana wakisikia hivyo hawarudi."

"Miezi miwili mizima?"

"Mizima."

"Hakuna kupunguza?"

"Hakuna."

Zephaniah akavua viatu hapo hapo.

Alikuwa mwanafunzi mwenye bidii, na mbaya sana. Katuku alifundisha kwamba mwili ukienda chini, kidevu kiingie kifuani, na mkono uipige ardhi kofi kabla ardhi haijakupiga wewe. Zephaniah alielewa yote hayo akiwa wima. Akishaondolewa miguu, mikono yake yote miwili ilikamata kitu cha karibu, koti au mkanda wa mwalimu, ikakikumbatia kifuani, naye akashuka kama gunia la saruji na bega mbele.

"Achilia!" Katuku alipiga kelele.

"Haiachiliwi."

"Nani amekwambia?"

"Reli."

Wiki tano zikapita hivyo. Nyumbani alipita akishika ukuta. Gertrude alimsugua dawa ya zahanati na maneno yake mwenyewe. "Penina yuko darasa la sita na alijua kuanguka kabla hajajua kutembea," alisema. "Wewe Baba Penina unalipia."

Ni Katuku aliyechoka kwanza. Jumamosi moja alileta ringi ya baiskeli bila tairi, akaivika mkono wa kushoto wa Zephaniah.

"Huu ni wa Reli," alisema. "Shika mpaka kiama, sikuulizi. Lakini huu wa kulia ni wangu. Huu unapiga kofi."

Akamwangusha. Kofi likalia. Zephaniah akabaki chali akitazama mawingu, ringi kifuani, akijikagua kiungo kimoja kimoja kama anayekagua mabehewa. Hakuna kilichouma.

"Tena," alisema.

Novemba mvua za vuli zikaanza. Asubuhi moja, saa nne na dakika saba, treni ya mizigo kutoka Mombasa iliingia kwa kasi, Kiilu akiwa mlangoni na kalamu sikioni. Zephaniah alitoa ringi, akapokea ringi, akakimbia, na katika hatua ya tatu kiatu kikateleza kwenye maji.

Mkono wa kulia ulipiga platifomu kofi lililosikika juu ya mabehewa. Kisha akalala kimya, ringi iko begani, treni ikampita.

Kiilu alifika akihema. "Umeumia wapi?"

"Sijaumia, bwana."

"Mbona huinuki?"

"Mwalimu anasema mtu asiwe na haraka."

Kiilu alimwinua, akamkunja kiwiko, akambonyeza bega lile la Juni, akamwambia azungushe mikono. Mikono ikazunguka. Stesheni masta hakuridhika. Alikuwa ameahidi kuandika, na mbele yake palikuwa na anguko ambalo halikuwa na majeruhi.

"Pengine ni bahati tu," alisema. "Anguka tena nione."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Hakuna treni mpaka saa tano."

Zephaniah akaanguka tena kwenye maji, akajipangusa, akaanguka kwa nyuma, kisha kwa ubavu huu na ule, ringi mkononi. Mama mmoja aliyekuwa akingojea treni ya abiria alisogeza kikapu chake mbali na watu wa serikali. Baada ya hilo la nne aliloomba, Kiilu aliinua mkono, akaingia ofisini, akafungua daftari la stesheni na kukaa nalo muda mrefu kuliko kawaida. Zephaniah alisimama mlangoni akichuruzika maji. Kiilu aliandika kwa wino mweusi, akamgeuzia asome: *Treni ya mizigo ilipita 10.07. Hakuna la kuripoti.*

Jioni Gertrude alimkuta mumewe uani, shati limejaa tope kuanzia kola hadi kiunoni. Akasimama.

"Umeanguka."

"Mara tano."

"Na Kiilu ameona?"

"Nne ameziomba mwenyewe."

Alimtazama bega, akamtazama usoni. "Mombasa?"

"Hakuna Mombasa."

Gertrude akanyoosha mkono. "Lete hiyo shati," alisema, "kabla tope halijakauka."