Gauni la Kijani la Bi Zuhura

Harufu ya pasi ya mkaa juu ya kitambaa kibichi hunirudisha mtaani kwetu Nguvumali, kwenye jamvi kando ya cherehani ya mama. Ni Desemba, joto limejaa ukumbini, na gari jeupe linasimama mlangoni polepole, kana kwamba linateleza juu ya maji.

Ndani yake alikuwamo Bi Zuhura. Kila mwisho wa mwaka yeye na mumewe walitoka Dar es Salaam kuja kupumzika Raskazone, kwenye nyumba ya zamani inayotazama bahari. Familia za namna ile zilikuwa nne au tano. Alasiri wake zao walikaa bustanini wakinywa chai ya iliki, bangili zikilia mikononi, kila mmoja akimkagua mwenzake kuanzia ushungi hadi viatu. Sisi watoto tuliwatazama kutoka barabarani kama tunaota. Niliamini Bi Zuhura ana magauni yasiyokwisha.

Siku ile alitoa kwenye mfuko gauni la hariri ya kijani. Nililijua. Mwaka uliotangulia lilikuwa na lesi kifuani. Mwaka wa kabla yake lilikuwa refu la kuburura chini.

"Nibadilishie tena, dada," alimwambia mama kwa sauti ya chini. "Asilitambue mtu."

Alipoondoka, mama alinitazama. "Ya humu yaishie humu."

Jumamosi Bi Zuhura alitualika chai. Gauni lilikuwa limepata mikono mipana na nakshi shingoni, na upepo wa bahari ulilipepea kama jani la mgomba. Nilikuwa nimezama kuliangalia, mara mwanamke mmoja mwenye mikufu mitatu akanivuta.

"Wewe si mtoto wa fundi? Hebu niambie, gauni hili si lile la mwaka jana?"

Vikombe vikatulia. Mama aliangalia nyasi. Kwenye chuo cha Kurani mwalimu alikuwa ametufundisha kuwa mwongo huchomwa ulimi, na nilihisi wangu umeanza kupata moto.

"La, shangazi. Limekuja ndani ya boksi. Nimelifungua mwenyewe." Nikaona haitoshi. "Lilikuwa linanukia udi."

Wakacheka, mazungumzo yakaendelea. Bi Zuhura alinikatia halua.

Njia nzima nilingoja viboko. Tulipokaribia nyumbani mama akauliza, "Hilo boksi lilikuwa la rangi gani?"

"Dhahabu."

Alicheka hadi akashika ukuta wa nyumba ya watu.

Desemba iliyofuata gari halikuja. Nilipokuwa mtu mzima ndipo mama aliponiambia kuwa biashara ya mume wa Bi Zuhura ilikufa kabla sijaanza shule, na kwamba nyumba ile walikuwa wakiazimwa na ndugu.

"Na yule wa mikufu mitatu alikuwa amejuaje?"

"Hakujua. Alikisia," mama alisema. "Magauni yake naye alikuwa akiyaleta niyabadilishe, Jumanne, wewe ukiwa chuoni."

Utotoni nilidhani bustani ile ni mahali pa watu wasio na hofu. Kumbe walikaa pale wakiogopana, kila mmoja peke yake, na aliyewajua wote alikuwa mama, aliyekunywa chai yake, akashukuru, akarudi nyumbani kwa miguu.