Kibao cha Taa za Dagaa

Dada yangu ana mtumbwi wa dagaa kisiwani Bumbire. Taa za mtumbwi hunyonya betri mpaka inakufa kabisa, na msimu huu zilikuwa zimeshaua mbili. Nikamwahidi kifaa kidogo cha kuzima taa kabla betri haijakauka. Akaja kwangu Kagondo kukichukua, na kesho yake alipaswa kurudi Muleba kuwahi boti.

Vibao vya saketi, vya kupitishia umeme ndani ya kifaa kama hicho, natengeneza mwenyewe, maana kuagiza ni kusubiri mpaka uzeeke. Unachapa mchoro kwenye karatasi laini, unaulaza juu ya kibao chenye utando wa shaba, unapiga pasi mpaka wino uhamie kwenye shaba. Kisha unaloweka, karatasi inatoka, mistari inabaki. Kwa maneno ni rahisi. Nilikuwa na vibao vitatu tu.

Cha kwanza wino ulibanduka katikati. Nikalaumu pasi. Cha pili kikabanduka vilevile. Nikalaumu karatasi, nikalaumu umeme, halafu nikamgeukia dada. Alikuwa ameingia mara mbili kuchungulia, na shaba ikishasuguliwa ikang'aa, kila mtu hutaka kuishika. Nikamwambia wino haushiki penye mafuta, na mafuta ya mikono yake ndiyo yanayoniharibia kazi. Nikamtoa nje, mtu aliyenibeba mgongoni utotoni, nikafunga mlango. Akakaa barazani mvua ikinyesha, mikono mapajani.

Nikasugua kibao cha mwisho huku nikiendelea kudokoa senene, panzi ambao dada aliwakaanga asubuhi, maana hasira hunitia njaa. Nikapiga pasi. Nikaloweka. Wino ukabanduka tena! Safari hii nilikipeleka dirishani nikakitazama vizuri. Pengo lilikuwa na umbo la dole gumba, na katikati yake ulibaki uzi mwembamba wa wino, umekatiza mshazari. Nikaangalia dole gumba langu. Kovu la kisu nililolipata utotoni nikimenya ndizi lilikuwa palepale, limekatiza vilevile, na mafuta ya senene yaking'aa mpaka kwenye kucha.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikafungua mlango, nikamwonyesha kibao, kisha kidole. Akavitazama kwa zamu.

"Waitu, ndugu yangu," akasema, "sasa naweza kuingia nichukue sweta langu?"

Kesho yake aliondoka bila kifaa. Senene waliobaki aliniachia mezani, ndani ya kopo, na kijiko juu yake.