Viti vya Alcorna ya Zamani

Obdulia Moñino alikuwa na miaka saba kampuni ya mgodi ilipogundua kwamba shaba iliyobaki iko chini ya jiko la mama yake. Kijiji kizima cha Alcorna kilipewa miezi minne kiwe kimehama. Baba yake, ambaye hakujua kusoma, alitia dole gumba kwenye karatasi iliyosema kwamba ardhi ile ni tupu, huku watoto wake wanne wamesimama nyuma yake na mbuzi yuko kwenye kamba mlangoni. Tangu siku hiyo Obdulia hakuiamini karatasi yoyote inayohitaji sahihi ya mtu mmoja tu.

Kijiji kilichimbwa, kisha kikafukiwa na vifusi. Baadaye mgodi nao ulifungwa, na pale palipokuwa na mitaa mitatu na kanisa pakabaki uwanda mwekundu kando ya mto Tinto, ambao maji yake yana rangi ya mvinyo na hayana samaki. Watu walijengewa Alcorna Mpya, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Obdulia alikulia huko, akafua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, akaolewa na Aquilino, akamzika. Hakupata watoto. Alibaki na nyumba yenye vyumba viwili vya ghorofani vya kupangisha, na cheo kimoja ambacho hakukiomba: aliongoza chama cha wazaliwa wa Alcorna ya Zamani.

Kazi ya chama ilikuwa moja. Kila Jumapili ya kwanza ya Septemba, jua likianza kupoa, waliozaliwa kule walibeba viti kutoka jikoni mwao, wakaenda uwandani, wakavipanga kama milango ilivyokuwa imepangana. Wa Mtaa wa Juu hapa, wa Mtaa wa Kanisa pale. Kisha wakakaa nje ya nyumba zisizokuwepo, kama watu wanavyokaa nje wakati wa joto, wakatafuna mbegu za alizeti na kuwasengenya waliokufa. Hapakuwa na sala wala hotuba. Anayetaka kwenda kwa jirani alizunguka kwa njia ya mtaa, hakukata katikati ya viti, kwa sababu pale pana ukuta. Zamani walikuwa zaidi ya mia. Mwaka uliopita walikuwa saba.

Masika hayo walikuja watu wa Mirihi. Ndivyo walivyoitwa mjini, ingawa walitoka kwenye taasisi fulani yenye ofisi katika nchi nne. Udongo wa uwanda ule, walisema, unafanana na udongo wa sayari hiyo kuliko mahali pengine walipopima, nao walitaka kuzungusha uzio, wajenge makazi ya majaribio na kuwafundisha watu kuishi kule. Kulikuwa na kizuizi kimoja tu. Kampuni ilipowahamisha wanakijiji iliwaachia haki ya kupita, na haki hiyo ilikuwa bado hai. Chama kilitakiwa kutia sahihi kwamba ardhi haina watumiaji.

Aliyeleta karatasi alikuwa Fermín, mtoto wa kaka yake, diwani. Aliiweka mezani kando ya sahani ya zeituni kana kwamba ni bili ya maji.

"Shangazi, ni sahihi moja tu. Ajira ishirini. Unajua vijana wangapi wamebaki hapa?"

"Babu yako naye aliambiwa ni dole moja tu."

"Wale walikuwa wanachimba. Hawa wanakuja kutembeatembea na makofia."

"Wanakuja kujifunza kuhamia mahali," Obdulia alisema. "Mchimbaji akishiba anaondoka; anayehamia anabaki."

Fermín alicheka, lakini karatasi aliiacha palepale. Binti yake Nieves alikuwa amesomea uhandisi na sasa anauza viatu. Fermín hakumtaja. Obdulia alijua ndiye anayemfikiria, na hilo lilimchoma kuliko maneno yote.

Mmoja wa watu wa Mirihi alipanga chumba cha juu kwa Obdulia, mwanamke Mjerumani aitwaye Lioba, mpole, anayeosha kikombe chake mwenyewe. Obdulia alimchunguza kwa wiki nzima akitafuta kasoro. Siku moja Lioba aliingia jikoni na chupa ya maji ya mtoni, akaeleza kwamba mle ndani mmejaa viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi kwa kula chuma, na kwamba hao ndio waliofanya maji yawe mekundu tangu kabla hapajawa na mgodi wala mtu. Obdulia alikata nyanya za gazpacho, ile supu baridi, bila kuinua uso. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa kwamba mto ule umekufa. Wakubwa wa mgodi walilisema sana hilo, na kwa kuwa umekufa waliumwagia walichotaka.

Aliuliza kule Mirihi wanataka kufanya nini hasa. Lioba alimweleza kwa uangalifu, kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyolowa: wapo wanaotaka kuipasha joto sayari nzima, barafu iyeyuke, ipate hewa, ichukue hata miaka elfu.

"Na mkikuta wapo viumbe kama hawa wa kwenye chupa?"

"Huenda wakafa. Ndiyo maana kuna makubaliano. Hatuchafui kitu kabla hatujajua kama kuna uhai."

"Na nani anaamua kwamba mmeshajua?"

Lioba aliizungusha chupa juu ya meza. "Sisi," akasema.

Obdulia alimpenda kwa jibu hilo, na kumpenda kukamzidishia wasiwasi. Yule bwana wa kampuni aliyekuja na karatasi kwa baba yake naye alikuwa mtu wa kupendeza. Alimletea mama yake kahawa.

Agosti ilipoisha, Fermín alikuja kuomba kwamba mwaka huu viti vipangwe uwanja wa mjini, halmashauri italeta vinywaji na turubai la kivuli, kwa kuwa Jumapili ile taasisi itakuwa katikati ya wiki ya mazoezi. Obdulia alisema ana kivuli chake nyumbani.

Walikwenda sita. Kamba zilikuwa zimetandazwa uwandani, na vibao vyenye namba. Walizipita kamba, wakapanga viti. Muda si mrefu wakatokea wanne waliovaa mavazi meupe ya anga na kofia za kioo, kila mmoja na kompyuta ndogo mkononi, wakipima ardhi hatua kwa hatua. Fermín alikuwa ameshawaeleza kanuni ya mazoezi: kule Mirihi hakuna mtu, kwa hiyo wiki nzima watakuwa hawamwoni wala hawamjibu yeyote asiyevaa kama wao. Mtu wa nje ahesabiwe kuwa jiwe.

Wa kwanza alikata moja kwa moja kati ya kiti cha Obdulia na cha Celedonio, mzee wa miaka themanini na moja aliyekuwa dereva wa treni ya mgodi.

"We kofia," Celedonio alimwita. "Umepenya ukuta wa watu, na hapo uliposimama ni kitandani kwa mama yangu. Basi hata viatu usivue?"

Wakacheka wote sita. Kofia haikugeuka. Iliandika kitu, ikapigilia kijibendera, ikaendelea. Wa pili akapita jikoni kwa akina Obdulia, wa tatu akapima mahali palipokuwa zizi. Celedonio alijaribu mzaha mwingine, lakini vicheko vilikuwa vimekauka. Obdulia aliyafuata yale macho nyuma ya vioo. Yalimfikia, yakapita hadi upande wa pili. Alikuwa ameshatazamwa hivyo mara moja, akiwa na miaka saba, ameshika kamba ya mbuzi.

Wa nne alikuwa Lioba. Alimtambua kwa mwendo. Alifika mbele ya kiti, hatua tatu, mahali hasa penye kizingiti, akasimama. Sauti yake ilitoka ndogo nyuma ya kioo.

"Hodi."

Viti vyote vilimgeukia Obdulia. Ilikuwa rahisi kusema karibu, ulimi ulikuwa umeshajiandaa. Lakini alifikiri: huenda hodi nayo imo kwenye kitabu chao, ukurasa wa jinsi ya kuzungumza na wenyeji. Yule bwana wa kahawa naye alibisha, kofia yake kifuani.

"Bado," alisema. "Subiri hapohapo."

Lioba alisubiri. Alisimama juani ndani ya vazi lile zito mpaka redio yake ikamwita kwa hasira, na alipoondoka hakukata katikati. Alizunguka kwa njia ya mtaa.

Jumatatu asubuhi Fermín alikuja bila kubisha. Taarifa tatu za wale wapimaji zilisema uwanda ni mtupu, akaeleza, na moja ilisema kuna watu sita wamekaa kwao, sasa wakubwa wanataka sahihi leo au waondoke. Obdulia alitoa kalamu. Kwenye nafasi ya watumiaji wa ardhi, alikotakiwa kuandika hakuna, aliandika majina sita, mtaa na namba ya nyumba, kwa mwandiko wake wa kuhesabia mashuka. Kisha akatia sahihi.

"Shangazi, umeiharibu."

"Nimeijaza."

Lioba aliondoka mwisho wa mwezi. Walipeana mikono mlangoni na hawakuzungumzia Jumapili. Nieves naye alikwenda kutafuta kazi Bilbao, mji wa mbali kaskazini, na kwa majuma mengi Fermín hakukanyaga pale. Obdulia alipika chakula cha mtu mmoja, akijiuliza kama viti sita vilistahili msichana yule kwenda mbali vile.

Novemba Fermín alipita, hakukaa. Taasisi haikwenda mbali, alisema. Imepata eneo jingine ng'ambo ya mto, bonde la tatu kutoka hapa, na huko hakuna haki ya mtu wala karatasi ya kusaini.

"Kulikuwa kwa nani?" Obdulia aliuliza.

"Kwa nani? Hakuna mtu kule, shangazi. Ni patupu."

Obdulia alifuta mikono kwenye aproni, akavuta kiti, akakaa. "Nani kakwambia?"