Nilifukuzwa Kazi kwa Kumkaribisha Bosi Kiti

Niliwahi kufukuzwa kazi kwa sababu nilimkaribisha bosi kiti.

Usicheke. Tena bosi mwenyewe ni shangazi yangu, aliyenifundisha kushika spana kabla sijajua kusuka nywele.

Gereji yake ina presi ya oili, mashine ya kusukuma vyuma vilivyogoma kutoka. Anayesimama nayo kutwa nzima ni shemeji, mume wa dada yangu.

Asubuhi hiyo mteja alileta mkono wa katapila wenye pini iliyoganda. Tukasukuma mpaka geji ikasoma bar 180, kiwango chetu cha kila siku. Pini kimya.

"Pandisha 250," shangazi akasema.

"Mpira wa kupitisha oili hauwezi, shangazi. Utapasuka."

Akauinamia, akasoma maandishi ubavuni. "Umeandikwa 3000. Mimi nataka 250. Shule ulienda kufanya nini?"

Mteja akacheka. Damu ikanichemka.

"Hiyo 3000 ni PSI. Geji yetu inasoma bar. Bar moja ni PSI kumi na nne na nusu." Nikazidisha kwa chaki sakafuni: 3625. "Na mpira wenyewe umechoka."

"Mpira huu una miaka sita na haujawahi kuniangusha. Pandisha."

Nikamtazama shemeji. Ana watoto wawili, na bega lake lilikuwa shubiri moja tu kutoka kwenye ule mpira. Akajiweka sawa kwenye mashine. Anamwogopa shangazi kuliko mashine.

Nikaenda ofisini, nikabeba kiti cha plastiki, nikakiweka pale pale anaposimama shemeji.

"Anayetaka 250 akae hapa."

Nilijua atanywea. Thubutu. Alikaa, akakunja nne. "Haya, washa."

Nikawasha. 180.

"Endelea."

Nikazima. Nikachomoa mkono wa kurekebishia presha, nikautia mfukoni.

"Sipandishi, shangazi. Hata ukikaa hapo mpaka kesho."

"Basi kazi huna."

"Sawa. Lakini huu mkono natoka nao."

Akainuka kwa hasira kuelekea ofisini. Mteja akaacha kucheka.

"Mama, mgongoni kwako."

Blauzi nyeupe ilikuwa na vidoa vya oili, vidogo vidogo, kuanzia begani. Mpira ulikuwa unavuja kwenye ile ile 180 ya kila siku.

Shemeji akageuza bega la ovaroli yake. Vidoa vile vile, vya zamani na vipya. "Kumbe. Na mke wangu ananigombeza kila akifua."

Shangazi alirudi, akaigusa ile ovaroli, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Pini tunaitoaje?"

"Nguvu ni presha mara eneo. Silinda hii ya presi ina kipenyo cha sentimita nane. Kwa 180 inatupa tani tisa. Ile ya stoo ina kumi. Presha ile ile, tani kumi na nne."

Tukafunga mpira mpya na silinda ya stoo. Pini ilitoka geji ikisoma 170, zaidi ya tani kumi na tatu. Nikapiga tena hesabu ya 250 yake kwa silinda ya zamani: tani hazifiki kumi na tatu.

Yaani tungepasua mpira, na pini ingebaki ndani.

Kunirudisha kazini hajawahi kutamka. Kesho yake alinikuta nimevaa ovaroli, akaniuliza kwa nini nimechelewa.

Mkono wa presha bado ninao mimi. Kiti kiko pale pale, hakuna anayethubutu kukiondoa.

Wewe unayeamuru wenzako waongeze presha, njoo ukae kwanza.