Nilimpeleka mama kuona treni, akaikataa ile niliyomchagulia

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Mimi si mwandishi. Kazi yangu humu ni kusoma nyuzi za wengine na kucheka. Leo nimeleta wangu, na sijaongeza chumvi. Ukifika mahali hapaeleweki, jua hata mimi bado sijaelewa vizuri.

Kwetu ni Gesima, Nyamira. Chai mpaka mlangoni. Nina duka la agrovet Kisii mjini, nauza dawa za ng'ombe na chakula cha kuku.

Huku hatuna reli. Si Kisii, si Nyamira. Treni kwetu ni kitu cha kwenye TV, na kuna watu wamezaliwa, wakazeeka, hawajawahi kusikia hata honi yake.

Sasa ndugu yangu mdogo, Osoro, kitinda mimba wa mama, aligongwa na treni Nairobi. Ilikuwa asubuhi akivuka reli kwenda kazini. Alikuwa fundi wa kuchomelea.

Tulimleta tukamzika nyumbani. Lakini siku hizo mke wake alikuwa amemwacha akarudi kwao, kwa hivyo maneno yakaanza kabla hata udongo wa kaburi haujakauka.

Mzee mmoja wa ukoo, hapa nitamwita Mogaka, alisema pale kwa moto wa matanga, mama akisikia, kwamba treni ni kubwa, inanguruma, inapiga honi. Mtu mzima mwenye masikio mawili hawezi kukosa kuisikia. Yule kijana alijua anachofanya.

Kwetu hilo si neno dogo. Mtu akishasemwa kuwa alijiua, hata kaburi lake watu wanalipita mbali.

 Tangu siku hiyo mama hakulitaja tena jina la Osoro. Mgeni akimuuliza ana watoto wangapi, anaenda kuangalia chai jikoni.

Zaidi ya mwaka ukapita. Siku moja niko nyumbani, yeye anachuma chai, mimi nimesimama tu pembeni na simu yangu. Akasema bila hata kuniangalia:

"Nataka unipeleke nione treni."

Wakuu, nilichanganyikiwa. Mtu amekuulia mtoto, halafu unataka nauli uende kumtazama? Nikadhani ni huzuni inamsumbua. Nikamuuliza mke wangu Kerubo, akaniambia mpeleke na upunguze maswali, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Ndipo nikaja humu kuuliza treni inaonekana wapi vizuri. Mlinicheka sana. Kuna mmoja aliandika Mkisii akitaka kuona treni apewe pasipoti kwanza. Nimekusamehe.

Lakini kuna mdau mmoja, mpenzi wa treni wa kufa mtu, alinipa darasa. Simama upande wa nje wa kona ndio uione yote kichwa mpaka mkia. Jua liwe mgongoni. Tafuta mahali inapopanda mlima, kwa sababu pale inaenda polepole na injini inanguruma mpaka unaisikia kifuani. Ya mizigo haina ratiba ya kuaminika, uliza wenyeji. Na usisogelee reli.

Mimi nikaanza na ile rahisi, treni ya abiria. Nikaambiwa kuna inayoingia Kisumu Jumamosi asubuhi. Nikampelekea mama habari nikijiona kidume.

Mama ni Msabato. Akasema yaya, yaani hapana, siku ya Sabato haendi kuzurura. Nikajaribu Biblia, nikamkumbusha Yesu alisema ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato unamtoa.

"Treni si ng'ombe wangu," akasema.

Ikaisha hapo.

Basi tukaenda siku ya kazi, kwa gari yangu, Probox, mpaka milimani juu ya Muhoroni. Nilikuwa nimejipanga. Chupa ya chai, ndizi mbivu, kiti cha mama cha kukunja. Kona pana, mlima, jua mgongoni, kila kitu kama nilivyofundishwa.

Wenyeji sasa. Wa kwanza akasema imeshapita. Wa pili akasema inakuja jioni. Wa tatu akasema haijaonekana tangu wiki iliyopita. Na wote walisema kwa uhakika kabisa, kama ni wao wanaoiendesha. Nikabaki sijui nimuamini nani, nikamenya ndizi.

Ikaja.

Tuliisikia kabla ya kuiona. Mngurumo ulianza nyuma ya kilima kingine kabisa, ukazunguka, ukaongezeka, halafu kichwa kikatokeza na mabehewa yakafuata mpaka nikachoka kuyahesabu. Nilirekodi video kwa furaha. Nilisahau tumekuja kwa nini.

Nilipogeuka, mama alikuwa anaangalia chini, viatu vyake.

"Umeisikia ikiwa wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kile kilima.

"Mbali hivyo?"

Nikamwambia ndio mama, mbali, hapa nimekuchagulia mahali pazuri sana.

Tukarudi Gesima. Usiku alilala bila kula. Mimi nikasema ni uchovu wa safari, nikatuma ile video kwenye grupu la familia. Hakuna aliyejibu isipokuwa Kerubo, na yeye alinijibu kwa mdomo tukiwa kitandani, akasema niifute. Nikamuuliza kwa nini. Akageukia ukutani.

Siku chache baadaye mama akatokea dukani kwangu Kisii. Mama huja mjini akiwa mgonjwa tu, kwa hivyo nilishtuka. Akakaa juu ya gunia la chakula cha kuku, akangoja wateja waishe.

Akasema, "Ulinipeleka mahali pazuri. Osoro hakufia mahali pazuri."

Halafu akaniagiza kama mtu anayeagiza mbegu. Anataka asubuhi, saa za watu kwenda kazini. Anataka mahali watu wanakatiza reli kwa miguu kila siku. Pawe na kona. Na nisimtafutie tena mahali inaponguruma.

Wakuu, ndipo ikaniingia. Mama hakuwa anataka kuona treni. Alikuwa anataka kujua kama mtu anaweza kukosa kuisikia. Na mimi nilikuwa nimempeleka mahali ambapo hata kiziwi angeisikia, nikamwambia ni pazuri. Nilijiona mjinga wa mwisho.

Safari ya pili tukalala kwa binamu yangu Ahero, asubuhi tukashuka kule chini kwenye mashamba ya miwa. Kuna njia ya miguu inakatiza reli, miwa mirefu pande zote mbili. Mama mmoja aliyebeba sukuma wiki akatuambia tusisimame hapo, tukae kule kwenye nguzo ya umeme, mbali kidogo. Tukasogea.

Mama yangu akaipa reli mgongo. Akanishika bega, akanigeuza na mimi.

"Niambie habari za duka," akasema.

Sasa ningefanya nini? Nikamwambia. Kuna jamaa wa Nyamarambe alinirudishia gunia zima la chakula cha kuku wa mayai, amekasirika, anadai ni feki, kuku hawatagi. Nikamwambia aje nao niwaone. Akaleta wawili. Majogoo. Nikamuuliza na wale wengine nyumbani, akasema wote wanafanana hivi hivi.

Mama akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo.

Tukiwa bado tunacheka ardhi ikatetemeka chini ya viatu, upepo ukanipiga shingoni, honi ikalia nikadhani iko ndani ya kichwa changu. Niliruka nikaingia kwenye miwa, nikapoteza kiatu kimoja. Treni ikapita pale pale, ndefu, chuma juu ya chuma, na mimi nimelala chini kama gunia.

Ilipoisha nikatoka natambaa. Mama alikuwa amesimama pale pale, ameshika nguzo.

"Una masikio mawili," akaniambia.

"Ndio, mama."

"Uliisikia?"

Na hapa naapa mbele yenu, sikusema ili kumfurahisha. Nilimwambia ukweli. Sikuisikia.

Akakaa chini kwenye nyasi na leso yake nzuri ya safari. "Osoro," akasema. "Osoro, mwanangu." Akalia mpaka yule mama wa sukuma wiki akatua mzigo wake akakaa naye. Hawaelewani lugha, lakini walikaa muda mrefu. Mimi nilitafuta kiatu.

Siku ya kupima majani ya chai ilipofika, mama alimkuta mzee Mogaka kwenye foleni pale kwenye kituo cha kununulia chai, watu wamejaa. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimembebea mama majani yake.

"Mogaka," akasema, "nimeenda nikasimama penye treni. Hata wewe na hayo masikio yako, ungekufa."

 Mzee akaanza kurekebisha kikapu chake ambacho hakikuwa na shida yoyote. Jioni yake alikuja nyumbani na kilo ya sukari, akanywa chai, akaongea habari za mvua, akaondoka. Msamaha hakuomba. Mama alimsindikiza mpaka barabarani.

Siku hizi mgeni akimuuliza mama, anasema ana watoto watano, mmoja amelala.

Sasa wakuu, mkanganyiko wangu ni huu.

Yule mdau wa treni nilimrudia nikamsimulia. Akaniambia si ajabu. Ikishuka kutoka milimani injini haijikazi, inateleza tu, halafu miwa inameza sauti, na huenda upepo ulikuwa unatoka upande wetu.

Lakini mimi ndiye niliyekwenda Nairobi kumchukua Osoro. Nilifika pale alipovukia. Ni tambarare, na pako wazi. Hakuna muwa hata mmoja.

Mama hajauliza pakoje pale, na mimi sijasema. Kuna siku naamka naamini kabisa kwamba Osoro hakuisikia, na kuna siku naamka sijui.

Nilichojifunza ni kwamba kabla hujamtafutia mtu mahali pazuri pa kuona kitu, muulize kwanza anataka kuona nini. Ningeuliza mapema, mama asingelala njaa ile siku.

Uwanja ni wenu. Wapenzi wa treni nisahihisheni kuhusu kona na upepo, na mliofiwa kama sisi, semeni mlivyovuka.

Ila kama wewe unapita kila asubuhi pale Nairobi, na unajua treni inaanza kusikika ikiwa wapi, nakuomba usiniambie.